Jua likitulia: namna ya kuyasikiliza matabaka ya anga ukiwa Tanga

Tarehe 6 Septemba 2017, saa tisa alasiri, redio yangu ilikufa. Taa yake ilikuwa inawaka na namba zinaonekana kwenye kioo, lakini ndani yake mlikuwa kimya kama kisima kilichofunikwa. Nilikuwa nimeinunua wiki tatu nyuma kwa baharia mmoja, kwa pesa ya sare za shule, na mke wangu alikuwa bado hajanisamehe. Nikapita kutoka bendi ya mita 49 mpaka mita 13: hakuna kitu. Nikaifunga kwenye kanga nikampelekea fundi wa redio. Saa kumi na moja jioni akaiwasha mbele yangu, ikapiga kelele kama chiriku. Fundi akanitazama, akanyamaza, akanitoza elfu mbili ya "kuiangalia".

Miezi ilipita kabla sijajua kilichotokea. Jua lilikuwa limelipuka. Mlipuko ule, wa X9.3 (X ndilo daraja la juu kabisa la milipuko ya jua), ulifika kilele saa tisa na dakika mbili kwa saa zetu, na Afrika nzima ilikuwa mchana. Miale yake ililinenepesha tabaka la chini la anga hadi likayameza masafa mafupi yote. Fundi hakuwa na kosa, na redio haikuwa na ugonjwa. Ajabu ni kwamba mwaka ule jua lilikuwa tayari linaelekea kutulia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Ninayoyajua nimeyapata kwa mpwa wangu Mwanaidi, aliyesoma fizikia, na kwa madaftari saba niliyoyajaza tangu siku ile. Wenye redio wengi hulalamika jua likitulia, kwamba bendi zimekufa na hakuna cha kusikiliza. Mimi nawaambia wanaotaka kujifunza kwamba hicho ndicho kipindi chao. Jua likichafuka, kila unachosikia ni mchanganyiko wa milipuko, dhoruba za sumaku na mambo mengine kumi. Likitulia, kama lilivyotulia 2018 hadi 2020, kelele hiyo huondoka, na yanayobaki ni matabaka yenyewe, yale ya hewa ya juu yenye chaji ambayo huyarudisha masafa mafupi chini au kuyameza, yakifanya kazi yake ya kila siku. Kiini cha utulivu ule kilikuwa Desemba 2019. Mzunguko wa jua kuchafuka na kutulia ni wa miaka kama 11, kwa hiyo zamu nyingine ni huko kwenye 2030. Anza mapema, uwe umeshaizoea redio yako.

Vifaa

Redio yenyewe iwe na masafa mafupi na iwe na kitufe cha SSB, namna ya kupokea inayoligeuza wimbi tupu kuwa mlio. Hili usilipuuze. Redio yangu ya kwanza kabisa, kabla ya hiyo ya baharia, haikuwa nacho, na nilipoteza miezi minne nikitafuta milio ambayo redio ile isingeweza kuitoa hata ningeipandisha mnazi. Bikoni (mitambo midogo inayotuma ishara kwa zamu ili watu wapime anga) na stesheni za saa hutuma wimbi tupu lisilo na sauti. Bila SSB utasikia mkwaruzo wa redio umetulia kidogo tu mahali pale, basi.

Antena ni waya wa mita 10 hadi 15, wa aina yoyote, juu kadiri unavyoweza na mbali na bati. Mimi nimeufunga kati ya mwembe na nguzo ya kuanikia nguo, na ncha zake nimezipitisha kwenye vigurudumu tupu vya plastiki vya uzi wa cherehani ili waya usiguse mti. Vimekaa miaka saba. Kamba ya nailoni nayo inatosha.

Adui mkubwa kuliko anga ni nyumba yako mwenyewe. Taa za kubana umeme, chaja za simu, kidhibiti cha sola na mota ya cherehani vyote hutoa mkwaruzo. Tumia betri. Zima kimoja kimoja ukisikiliza, utamjua mwizi ni nani. Kwangu alikuwa chaja ya jirani upande wa pili wa ukuta, na ilibidi nimshonee kanzu ndipo tukaelewana. Umeme ukikatika mtaa mzima, wengine wakilalamika, wewe kimbilia redio.

Masika yakianza na radi ikasikika hata mbali, chomoa waya. Hili sirudii.

Kusikiliza hakuna shida. Kutuma ni jambo jingine, linahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mwongozo huu haugusi huko.

Saa

Ratiba zote za masafa mafupi huandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, na vijana wengi hukwama hapo kwa sababu huanza kupiga hesabu kwa saa ya simu. Saa ya Kiswahili ni rahisi zaidi. Mchana ongeza tatu: saa moja asubuhi ni 04, saa sita mchana ni 09, saa kumi na mbili jioni ni 15. Usiku ongeza kumi na tano: saa mbili usiku ni 17. Ukifika saa tisa usiku, toa 24. Mwanaidi aliponiona nafanya hivyo alicheka, "Mjomba, hii hata chuo hawakutufundisha."

Unachosikiliza

Sihangaiki sana na stesheni za matangazo. Hubadilisha ratiba, huzimwa, hugeuza antena upande mwingine bila kumwambia mtu, nawe ukadhani anga limebadilika. Nasikiliza hasa vitu viwili.

Cha kwanza ni bikoni za wapenzi wa redio. Ni kumi na nane duniani, zinapokezana katika masafa matano: 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 megahezi. Kila moja hupata sekunde kumi, na mzunguko mzima ni dakika tatu, ukianza saa kamili. Bikoni hutaja jina lake kwa Morse, herufi za milio mifupi na mirefu, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne wati 0.1. Hiyo ni futikamba uliyopewa bure. Ukisikia mlio mmoja tu, njia ni mbaya. Ukiisikia yote minne, mtu wa mbali anazungumza nawe kwa nguvu isiyofikia taa ya tochi ndogo.

Usijaribu zote kumi na nane. Kwenye 14.100 (weka 14.099 ukiwa upande wa juu wa SSB, mlio utatokea) subiri dakika moja na nusu baada ya mzunguko kuanza. Utapata 4S7B ya Colombo, kisha ZS6DN ya Pretoria, kisha 5Z4B ya Kenya, kisha 4X6TU ya Tel Aviv. Mashariki, kusini, jirani na kaskazini, zote ndani ya sekunde arobaini. Kwenye 18.110 zamu hizo hizo huja sekunde kumi baadaye, na hivyo hivyo ukipanda. Huhitaji kujua Morse yote. Jifunze majina hayo manne kwa sikio, kama unavyojua hatua za watu wa nyumbani kwako. Mara nyingine bikoni moja huwa imezimwa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usihukumu anga kwa bikoni moja.

Cha pili ni RWM, stesheni ya saa ya Moscow, kwenye 4996, 9996 na 14996 kilohezi. Kwa dakika kama nane mwanzoni mwa kila nusu saa hutoa mlio mmoja mfululizo. Hakuna muziki wala maneno. Mlio huo husafiri karibu kilomita 6,700, karibu moja kwa moja kutoka kaskazini, hadi kwenye mwembe wangu, na kila tabaka ulilopitia limeacha alama yake juu yake.

Sindano kwenye uzi

Kabla ya kusikiliza, jua umesimama wapi. Kuna ikweta mbili. Ile ya ramani inapita Nanyuki, watu wanapiga picha penye kibao. Ya pili ni ya sumaku, na kwa upande wetu wa Afrika imepanda kaskazini hadi Ethiopia, si mbali na Addis Ababa. Matabaka ya juu hufuata hiyo ya pili.

Ukitaka kuamini, chukua sindano ndefu ya kushonea. Ifunge uzi mwembamba katikati mpaka ining'inie sawasawa kama mizani. Kisha isugue kwa sumaku ya spika mbovu, upande mmoja tu, mara thelathini hivi, uiache ining'inie tena mbali na vyuma. Haitakaa sawa tena. Itageukia kaskazini na kusini, na ncha ya kusini itainama chini, hapa Tanga karibu theluthi ya pembe mraba. Ungekuwa Addis Ababa ingelala karibu flati. Nililifanya jaribio hili dukani na wateja wawili wakaahirisha kuchukua nguo zao ili waone mwisho wake.

Huo mwinamo ndio siri yote ya anga letu. Elektroni na ioni za juu, yaani chembe zenye chaji, ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi wa sumaku: zinateleza kwa urahisi kufuata uzi, kuuvuka ni kazi. Juu ya Ethiopia nyuzi zimelala. Mchana pepo za juu huzalisha umeme unaoisukuma hewa yenye chaji kwenda juu. Ikifika huko haiwezi kushuka moja kwa moja, kwa hiyo huteleza kwenye nyuzi zake kaskazini na kusini na kurundikana pande mbili. Kama shamba la viazi: tuta huku, tuta kule, na mfereji katikati juu ya ikweta ya sumaku yenyewe. Edward Appleton alilieleza jambo hili 1946, nalo linaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Tuta la kaskazini linaangukia upande wa Sudan na Bahari ya Shamu. La kusini linaangukia juu yetu, watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Jua likiwa kali, tuta hukaa umbali wa nyuzi kama 15 kutoka ikweta ya sumaku na huwa nene. Jua likitulia msukumo hupungua, tuta huwa fupi na hujivuta kuelekea ikweta. Hapo Tanga tunabaki kwenye mteremko wake wa kusini. Vitabu vilivyoandikwa kwa msomaji wa Ulaya havikupi habari hii, ndiyo maana ukivifuata neno kwa neno utaona redio yako ina kichwa ngumu.

Kuisikiliza siku

Anza na adhana ya alfajiri. Siyo kwa sababu ya thawabu tu. Adhana hupigwa jua likiwa nyuzi kama 18 chini ya upeo. Sasa tabaka la F, la juu kabisa kati ya matabaka hayo, liko kilomita 300 hivi, na mtu aliyesimama huko angeliona jua likiwa nyuzi 17 chini ya upeo wetu. Yaani huku chini bado giza totoro, muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti, na kule juu kumeanza kupambazuka. Miale inayovunja hewa kuwa ioni huzuiliwa kwanza na hewa nzito ya ukingoni mwa dunia, kwa hiyo ongeza dakika kumi au ishirini.

Fanya hivi: washa redio nusu saa kabla ya adhana, kwenye 14.100. Katika miaka ya utulivu utakuta pamekufa kabisa, maana usiku kucha tabaka la F limekuwa likipungua na saa kumi usiku ndipo huwa jembamba kuliko wakati wote. Nenda ukaswali, au ukachemshe chai kama hiyo ndiyo njia yako. Ukirudi, sikiliza mashariki. Colombo huanza kwa mlio mmoja, na ndani ya nusu saa inaweza kufika miwili au mitatu. Kwetu jua hupanda wima, alfajiri ni fupi, na tabaka hujazwa haraka. Katika daftari langu la 2019 kuna asubuhi nyingi ambazo kati ya kimya kabisa na milio miwili ni kikombe kimoja cha chai.

Kuanzia saa moja na nusu asubuhi hamia masafa ya chini umsikilize mlaji. Huyo ni tabaka la D, kilomita 60 hadi 90. Halirudishi masafa mafupi, linayala, kwa sababu hewa huko ni nzito na elektroni zikitikiswa na wimbi hugongana nayo na kulipoteza. Hula zaidi ya chini: wimbi la megahezi 4 hupoteza mara nne ya wimbi la 8. Sikiliza stesheni za Ethiopia kwenye bendi ya mita 49 zikififia kadiri jua linavyopanda, mpaka saa nne asubuhi zimebaki mnong'ono. Tarehe 21 Juni 2020 nilibahatika. Jua lilipatwa asubuhi, pete yake ikapita Ethiopia, nasi huku tukaliona limemegwa. Stesheni zile zilizokuwa zimeanza kuzama zikainuka tena kwa muda, kisha zikazama upya jua lilipojaa. Kama mtu aliyefungua na kufunga pazia.

Adhuhuri mimi hushona. Kuna tabaka la E, kilomita 110 hivi, mtiifu kupita kiasi: hupanda na kushuka na jua kama kivuli cha mti, na hata jua likitulia saa sita hurudisha wimbi la wima la megahezi 3 na kidogo. Kuna F1 juu yake, ambalo huonekana mchana tu na huungana jioni na F2, sehemu ya juu ya tabaka la F. Kwa sikio na kwa redio ya mkononi huwezi kuyatenganisha vizuri, usijipe tabu. Sikiliza Pretoria tu kwenye 14.100, kilomita 2,500 na ushei, inayokuja kwa mdundo mmoja wa F2, na uandike milio mingapi.

Alasiri, saa nane hadi kumi na moja, weka cherehani pembeni. Hii ndiyo saa ya tuta. Hewa iliyopandishwa juu ya Ethiopia tangu asubuhi imeshafika kwetu na tabaka la F2 ni nene kuliko wakati wowote wa siku, wakati juu ya ikweta ya sumaku kwenyewe adhuhuri huleta bonde. Pima hivi: chukua Tel Aviv, ambayo mlio wake unapita matuta yote mawili, na upande nayo ngazi: 14.100, 18.110, 21.150, 24.930, 28.200. Andika ngazi ya juu kabisa uliyoisikia. Miaka ya utulivu, Juni na Julai, kwangu huishia 18. Machi na Oktoba hupanda 21, na siku moja moja zaidi. Miezi hiyo jua hupita karibu juu ya kichwa huku ncha zote mbili za dunia zikipata mgao sawa, nayo huwa bora kwetu kila mwaka, jua kali au tulivu.

Kuna kipimo kingine nilichokipata kwa bahati na ninakipenda kuliko vyote. Bikoni ya Kenya iko jirani, ukilinganisha na Colombo ni kama mtaa wa pili. Lakini kwenye 14.100 huisikii. Unasikia Pretoria, unasikia Israeli, jirani yako kimya. Wimbi lake la ardhini huchoka kabla ya kufika, na la angani likipanda wima hivyo hulitoboa tabaka na kwenda zake. Ili lirudi chini karibu, tabaka linatakiwa liwe nene mno. Nilipoanza nilidhani imezimwa. Mwishoni mwa Machi 2019, saa kumi na robo alasiri, zamu yake ilipofika nikasikia 5Z4B, hafifu, inatetereka, mlio mmoja na nusu. Dakika tatu zilizofuata ikaja tena. Saa kumi na moja ikawa imekwenda. Tuta lilikuwa limepita juu ya mwembe wangu. Nilitoka nje kuangalia juu, utadhani kungekuwa na kitu cha kuona. Tangu hapo sekunde ya hamsini ya dakika ya pili ya mzunguko siipitwi.

Magharibi

Jua likizama, D hufa ndani ya dakika chache, E hudhoofika mara, na F hubaki peke yake kwa kuwa hewa ya huko juu ni nyembamba na ioni hazikutani upesi na za kuzimeza. Masafa ya chini yanaamka. RWM kwenye 9996 hujaza chumba, kisha 4996 nayo huinuka.

Hapa ndipo anga la ukanda wetu lina tabia yake mbaya. Sakafu ya F inapopotea, hewa nzito ya ioni hubaki imekaa juu ya nyepesi, kama chupa ya maji na mafuta uliyoigeuza. Juu ya ikweta ya sumaku nyepesi hupenya kwa mapovu makubwa yanayopanda mamia ya kilomita na kujinyoosha kwenye nyuzi za sumaku hadi kwetu. Mlio wa Moscow ukipita humo hutoka umekatwakatwa, kama mtoto anayeongea mbele ya feni. Huwezi kuukosea.

Jua likiwa kali mapovu hayo hupenda saa moja na nusu hadi saa nne usiku, kwa sababu tabaka hurushwa juu kwa nguvu mara tu baada ya magharibi. Jua likitulia, msukumo huo wa jioni hudhoofika. Katika kipindi changu cha 2018 hadi 2020 jioni nyingi mlio ulikuwa laini kama hariri, isipokuwa chache za Machi na Septemba. Nikaandika "hakuna mapovu" karibu mwaka mzima nikalala mapema kwa raha zangu.

Lilikuwa kosa. Mwanaidi ndiye aliyeniambia kwamba mwaka 2008, jua likiwa limetulia vivyo hivyo, Wamarekani walirusha setilaiti ya C/NOFS kuyachunguza mapovu haya ya ikweta, ikayakuta kwa wingi baada ya usiku wa manane kuelekea alfajiri. Ikakuta pia anga lenyewe limenywea: mpaka wa juu wa ionosfia, yaani matabaka haya yenye chaji kwa jumla, usiku ulikuwa kilomita kama 420, chini sana kuliko walivyotarajia. "Mjomba, wewe unalala saa ngapi?" akaniuliza. Nikamwambia saa nne. "Basi ndiyo sababu."

Juni 2019 nikaanza kuamka saa saba usiku. Usiku wa tatu, kwenye 9996, mlio ulikuwa na feni. Ulidumu hadi karibu saa tisa. Mwezi ule na wa Julai niliandika usiku kumi na mmoja wa namna hiyo kati ya ishirini na mbili nilizoamka, na hakuna hata mmoja uliokuwa na feni saa mbili usiku. Kwa hiyo, ukisikiliza wakati wa utulivu, gawanya zamu: Machi na Septemba kaa jioni, Juni na Julai weka kengele ya saa saba.

Daftari, na namba ya 68

Chora safu tano: tarehe, saa, bikoni, idadi ya milio, na hali ya mlio (laini, unapanda na kushuka, una feni). Safu ya sita weka namba mbili za siku hiyo utakazozipata mtandaoni. Ya kwanza ni nguvu ya redio ya jua, inayopimwa kila siku Penticton, Kanada. Ya pili ni kipimo cha mtikisiko wa sumaku, kiitwacho Kp. Kp ikizidi 3, zungushia siku hiyo duara na usiichanganye na za utulivu.

Utakachokiona baada ya miezi miwili kitakusumbua kama kilivyonisumbua. Namba ya Penticton itakaa palepale, 68, 69, 68, 67, wiki baada ya wiki. Sumaku imelala. Na daftari lako halitulii. Jumatatu Tel Aviv imefika 21, Jumanne imeishia 14. Nilidhani waya una kutu. Nikaubadilisha. Ikawa vilevile.

Jua likitulia, wanaolitikisa anga letu wanatoka chini. Mawimbi yanayozaliwa na joto na mvua katika hewa tunayoipumua hupanda hadi kilomita 100, huyumbisha pepo zinazozalisha ule umeme wa mchana, na chemchemi ya Ethiopia, ile hewa yenye chaji inayosukumwa juu, hutoa kidogo au kingi kutegemea pumzi hiyo. Mwaka 2006 wanasayansi waliotumia setilaiti iitwayo IMAGE walionyesha kwamba matuta ya ionosfia yana sehemu nene zaidi kuizunguka dunia, na mojawapo inahusiana na mvua za bonde la Kongo. Ngurumo ya Kisangani inafika kwenye daftari la fundi cherehani wa Tanga, kwa njia ya juu.

La kushangaza zaidi hutoka mbali zaidi. Januari 2009 hewa ya juu ya Ncha ya Kaskazini ilipata joto la ghafla, na ionosfia ya ikweta ikabadilika siku chache baadaye: asubuhi ikanenepa, alasiri ikakonda. Mwanzoni mwa Januari 2019 joto kama hilo lilitokea tena. Sikulijua wakati ule, ila daftari langu lina siku sita mfululizo zilizoandikwa kwa hasira: "asubuhi nzuri mno, alasiri hakuna kitu, kwa nini?" Namba ya Penticton siku zote hizo haikusogea. Usifute maandishi ya hasira. Andika tarehe vizuri, maelezo yatakuja hata baada ya mwaka.

Ukifika mahali pa kutaka kulinganisha, tafuta mwenzako aliye mbali kidogo kaskazini au kusini, Malindi au Mtwara, asikilize sekunde zile zile arobaini. Mteremko wa tuta hauonekani kwa daftari moja. Nina kijana Lindi, dereva wa bodaboda, ambaye hunitumia milio yake kwa ujumbe wa simu kila alasiri: "4, 3, 0, 2." Colombo, Pretoria, Kenya, Tel Aviv. Jana Kenya kwangu ilikuwa moja na kwake sifuri. Leo kwake ni sifuri tena, na kwangu mawingu yamejifunga upande wa Usambara, nimeshasikia ngurumo ya kwanza. Naenda kuchomoa waya.